Kati ya Sahihi ya Mkataba na Siku ya Kupanda

Kila ninapohudhuria kikao cha kamati ya harusi ya ndugu au jirani hapa Dar es Salaam, hufika wakati ambapo mwenyekiti husoma orodha mbili: ya ahadi, na ya fedha ambazo zimekwisha kumfikia mweka hazina. Aliyewahi kukaa katika kamati hizo anajua kwamba ukumbi haukodishwi kwa ahadi, na kwamba kazi kubwa ya kamati, ambayo hakuna anayeitaja siku ya sherehe, ni kuigeuza orodha ya kwanza iwe ya pili kabla siku yenyewe haijafika. Kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikifanya kazi ya namna hiyo katika taasisi ya hisani inayotoa ruzuku kwa asasi na vikundi vya wananchi, na ninapoulizwa ninafanya nini hasa, mfano wa kamati ya harusi hueleweka upesi kuliko cheo changu.

Cheo changu ni afisa wa ruzuku, upande wa uendeshaji. Siamui nani apewe fedha na nani anyimwe. Wenzangu wa idara ya miradi husoma maandiko ya miradi, huwatembelea waombaji na kupendekeza majina, kisha bodi huidhinisha. Yote yanayofuata baada ya hapo huletwa kwenye meza yetu, na tuko watatu: kuhakiki nyaraka, kuandaa mkataba, kulipa kwa awamu, kupokea taarifa za utekelezaji na za fedha, kukagua marejesho, yaani hesabu na risiti za fedha iliyotumika, kumwandaa mkaguzi wa hesabu wa nje, na mwishowe kuandika barua ya kuifunga ruzuku. Baadhi ya ndugu zangu huamini kwamba nimekaa juu ya sanduku la fedha, na nimewahi kukabidhiwa andiko la mradi nikiwa msibani. Huwa nalipokea kwa mikono miwili na kumweleza mwenyewe mahali pa kulipeleka, kwa kuwa shida iliyomfanya aliandike ni ya kweli hata kama mlango aliobisha si wake.

Nimeamua kuandika kuhusu kazi hii kwa sababu ninaamini kwamba katika hatua hizi zinazoitwa za kiofisi ndipo mfadhili anapojulikana alivyo. Tunaweza kuandika katika mikakati yetu kwamba asasi ndogo ni wabia wetu na kwamba tunawaamini, lakini mweka hazina wa kikundi kilichoko Singida au Kigoma hasomi mikakati yetu. Yeye anatujua kwa siku ambayo fedha iliingia, kwa idadi ya mara tulizomwomba nakala ya cheti kilekile, na kwa sauti tuliyomjibu nayo alipopiga simu kuuliza malipo yamefikia wapi.

Nianze na uhakiki, kwa kuwa hapo ndipo mambo mengi hukwama. Asasi nyingi tunazozifadhili zimesajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002, na nyingine ni vikundi vidogo vinavyotambuliwa na halmashauri ya wilaya kupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Tunaomba cheti cha usajili, katiba, orodha ya viongozi, muhtasari wa kikao kilichopitisha andiko, namba ya mlipakodi, barua ya benki, na hesabu zilizokaguliwa kwa asasi iliyokwisha kuwa nazo. Sheria nayo ina madai yake: kanuni zilizotolewa mwaka 2018 zinaitaka asasi inayopokea fedha inayozidi shilingi milioni 20 iuwasilishe mkataba wake Hazina na kwa Msajili ndani ya siku kumi, na marekebisho ya mwaka 2019 yalizilazimisha taasisi zilizokuwa zikifanya kazi za kijamii huku zimesajiliwa kama kampuni kuhamia kwenye daftari la Msajili wa Mashirika Yasiyo ya Kiserikali. Nakumbuka miezi ile ya mwaka 2019 vizuri, kwa sababu tulikuwa na mikataba iliyokwisha kusainiwa ambayo mmoja wa wahusika wake, kisheria, alikuwa katikati ya kubadili sura.

Ukizisoma nyaraka hizi kwa miaka mingi unajifunza kuona vitu ambavyo fomu haiulizi. Unaangalia kama mwenyekiti na mweka hazina ni mtu na mkewe. Unaangalia kama katiba inasema viongozi watachaguliwa kila baada ya miaka mitatu, na kama kuna muhtasari wowote unaoonyesha kwamba uchaguzi huo uliwahi kufanyika. Unaangalia kama sahihi za wajumbe kumi na wanne kwenye muhtasari zimeandikwa kwa mkono mmoja. Jambo hili la mwisho lilinifundisha kutokuwa mwepesi wa kuhukumu. Katika mwaka wangu wa pili nililikuta kwenye faili la kikundi kimoja cha wavuvi, nikaandika maelezo mafupi ya kupendekeza kisilipwe, kisha kiongozi wangu wa wakati huo akaniuliza kama nimewapigia simu. Nilikuwa sijapiga. Nilipopiga nikaelezwa kwamba zaidi ya nusu ya wajumbe hawajui kuandika, kwamba katibu aliwaandikia majina yao mbele yao na kwa ridhaa yao, na kwamba waliona aibu kutuletea karatasi iliyojaa alama za dole gumba kwa sababu fomu yetu ilikuwa na mstari ulioandikwa neno sahihi tu. Fomu ile ilikuwa imeandikwa na sisi. Tuliibadilisha mwezi uleule, na tangu hapo sijaandika pendekezo la kumnyima mtu malipo kabla sijasikia sauti yake.

Kuna kosa lingine la uhakiki ambalo nimelipigania kwa muda mrefu, nalo ni kumtaka anayepewa shilingi milioni tano alete kila kitu anacholeta anayepewa milioni mia mbili. Ukihesabu siku ambazo viongozi wa kikundi kidogo huzitumia kwenda wilayani kutafuta mihuri, nauli wanazolipa na kazi wanazoziacha nyumbani, utaona kwamba sehemu ya ruzuku imekwisha kuliwa kabla haijatoka. Ilituchukua karibu miaka miwili ya vikao hadi tukakubaliana kuwa na ngazi tatu za uhakiki kulingana na ukubwa wa fedha. Wenzangu wa fedha walikuwa na hofu ya haki, kwani wao ndio wanaosimama mbele ya mkaguzi. Kilichowatuliza ni kuona kwamba mashaka yetu makubwa kwa miaka yote ile yalikuwa yametokea kwenye ruzuku kubwa zenye majalada manene, wala si kwa vikundi vya mashine za kusaga.

Sasa nieleze jambo ambalo ndilo lililonifanya niione kazi hii kwa jicho jingine. Miaka kadhaa iliyopita tulikiidhinishia kikundi cha wanawake mkoani Singida ruzuku ya kununua mbegu bora za alizeti na kukodi trekta. Singida inapata msimu mmoja wa mvua, unaoanza kati ya Novemba na Desemba, na anayelima alizeti anataka mbegu iwe ardhini ifikapo Januari. Andiko lao lilikuwa limeeleza hayo yote kwa ufasaha. Bodi iliidhinisha Oktoba, mkataba ukasainiwa mwanzoni mwa Novemba, nami nikapeleka malipo siku ya nne baada ya kusainiwa, nikaweka alama ya kijani kwenye jedwali langu na kuendelea na faili lililofuata.

Fedha ile haikufika. Jina lililoandikwa kwenye cheti chao cha usajili lilikuwa na neno "Maendeleo", na jina la akaunti yao ya benki halikuwa nalo, kwa sababu akaunti ilifunguliwa miaka mingi kabla ya usajili. Mimi nilikuwa nimeandika jina la kwenye cheti. Benki iliyapokea malipo, ikayaweka kando, ikayarudisha kwetu baada ya siku kumi na tisa, na taarifa ya kurudishwa ikaingia kwenye barua pepe ya idara ya fedha katika wiki ambayo mhusika alikuwa likizo. Mweka hazina wao alipiga simu mara ya kwanza mwishoni mwa Novemba, nami nikamjibu kwamba kwa upande wetu fedha imetoka, avute subira. Alipiga tena wiki ya pili ya Desemba. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya taratibu, na hakulalamika. Alisema, "Mwanangu, mvua imeshatangulia."

Siku ile ndipo nilipokwenda kulitafuta jambo lenyewe, nikaligundua. Lakini kulirekebisha hakukuwa kazi ya siku moja. Ilibidi waitishe kikao, waandike muhtasari wa kukubali kubadili jina la akaunti, wapate barua ya Mtendaji wa Kijiji, kisha watia saini watatu wasafiri pamoja hadi tawi la benki lililoko makao makuu ya wilaya, ambako mara ya kwanza waliambiwa warudi kwa kuwa picha moja ilikuwa na rangi isiyotakiwa. Katikati ya hayo ikaja Krismasi na Mwaka Mpya. Fedha iliingia kwenye akaunti yao wiki ya kwanza ya Februari. Baadhi ya wanachama walikuwa wamekwisha kupanda mbegu walizoziweka akiba, wengine walikopa kwa mfanyabiashara wa mazao kwa makubaliano ya kumlipa kwa gunia wakati wa mavuno, na sehemu ya mashamba ilikaa bila kulimwa. Kwenye vitabu vyetu ruzuku ile ilitoka yote, hakuna shilingi iliyopotea, na mkaguzi aliipitisha bila swali. Kwenye mashamba ya wanawake wale ilikuwa imekosa mwaka mzima.

Nilikwenda Singida mwezi Machi pamoja na mwenzangu wa miradi, kwa gari la ofisi, na nilieleza kosa langu mbele ya kikundi chote chini ya mti wa mkutano. Mama yule alinijibu kwamba wao wenyewe walipaswa kulibadili jina la akaunti zamani. Sikukubaliana naye, wala sikubaliani naye hadi leo, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na karatasi zote mbili mezani, cheti na barua ya benki, na kuzisoma kwa pamoja ni kazi ninayolipwa mshahara kuifanya.

Tulibadili mambo mawili baada ya hapo. La kwanza ni dogo: kabla mkataba haujasainiwa, mmoja wetu husoma kwa sauti jina la akaunti kutoka kwenye barua ya benki huku mwingine akilifuatisha kwenye hati ya malipo herufi kwa herufi, kisha hutumwa shilingi elfu moja ya majaribio, na mweka hazina hutupigia kuthibitisha kwamba ameiona. La pili lilihitaji kibali cha wakubwa. Tuliongeza kwenye jedwali letu la ruzuku safu inayoitwa siku ya hitaji. Hapo hatuandiki tarehe ambayo sisi tumepanga kulipa. Tunaandika tarehe ambayo fedha ikiwa haijafika, kazi iliyokusudiwa haiwezekani tena. Kwa kikundi cha wakulima wa Tanga wanaotegemea masika, tarehe hiyo iko kabla ya Machi, kwa wale wa Dodoma na Singida ni mwishoni mwa Novemba, kwa asasi inayowalipia watoto vifaa vya shule ni kabla ya shule kufunguliwa Januari, na kwa kikundi cha wakulima wa mwani huko Unguja tunauliza wenyewe, maana wanahesabu kwa bamvua na maji mafu, yaani siku za maji ya bahari kujaa na kupwa sana na siku za kujaa na kupwa kidogo. Safu hiyo moja imebadilisha mpangilio wetu wa kazi kuliko mfumo wa kompyuta tulioununua kwa gharama kubwa mwaka uliofuata.

Baada ya malipo huja marejesho, na hapo neno linalotawala ni risiti. Mamlaka ya Mapato ilianza kutumia mashine za EFD, yaani mashine za kielektroniki za kutolea risiti za kodi, mwaka 2010, na wafadhili wengi, nasi tukiwemo, tuliandika kwenye miongozo yetu kwamba matumizi yote yathibitishwe kwa risiti ya mashine hiyo. Ni takwa la busara kwa anayenunua mabati Kariakoo. Kwa anayemlipa dereva wa bodaboda awafikishe wawezeshaji kijiji cha ndani, au mama lishe aliyewapikia washiriki arobaini wali na maharage, au kijana mwenye mkokoteni wa ng'ombe aliyebeba mifuko ya saruji kutoka barabarani, takwa hilo linamlazimisha mtu mwaminifu achague kati ya kutofanya kazi na kutafuta risiti ya duka jingine. Nimeona marejesho yenye risiti safi zinazofuatana namba, zote za duka moja la vifaa vya ofisi, kwa shughuli iliyokuwa ya chakula na usafiri, na nimeelewa kilichotokea. Ninaposema kwamba mwongozo mbaya humfundisha mtu kusema uongo, ninasema nililoliona kwenye mafaili ambayo mimi mwenyewe nimeyapitisha.

Tuliandaa fomu ya kukiri malipo ya ukurasa mmoja kwa matumizi yasiyozidi kiasi fulani, yenye jina, kazi iliyofanyika, namba ya simu ya aliyelipwa, na nafasi ya sahihi au dole gumba. Inatosha. Tunawapigia baadhi yao kwa kuchagua bila mpangilio, na mara nyingi wanaopokea simu hushangaa kwamba kuna mtu Dar es Salaam anayetaka kujua kama walilipwa. Malipo kwa simu nayo yamerahisisha mengi, kwa sababu muamala wenyewe huacha kumbukumbu, ingawa Julai 2021, tozo ya miamala ilipoanza ikiwa kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, asasi nyingi zilijikuta na gharama ambayo haikuwemo kwenye bajeti yoyote. Septemba ya mwaka ule Serikali iliipunguza kwa asilimia 30. Katika wiki hizo nane tulipokea maombi mengi ya kuhamisha fedha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine, yote ya viasi vidogo, na kila ombi lilihitaji barua. Baadaye tuliruhusu asasi ihamishe hadi asilimia 10 ya kifungu bila kutuomba, na ninasikitika kwamba tulisubiri tozo itusukume.

Fedha za kigeni zina mtihani wake. Mwaka 2024 tulikuwa na mikataba kadhaa iliyoandikwa kwa dola kwa sababu mchangiaji wetu yuko nje, huku bajeti za asasi zikiwa kwa shilingi. Zilipopangwa, dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 2,700. Kufikia Desemba ilikuwa imeshuka hadi karibu 2,400. Kwa asasi iliyoahidiwa dola 10,000, tofauti hiyo ni shilingi milioni tatu, yaani mshahara wa mhamasishaji wa kijiji kwa miezi mingi. Shilingi kuimarika ni habari njema kwa nchi, na mwenye asasi ile alikuwa anafurahia kama raia huku akikata majina kwenye orodha ya wafanyakazi wake. Mkataba wetu ulikuwa kimya kuhusu nani abebe hasara ya namna hiyo, na penye ukimya wa mkataba huumia mwenye nguvu ndogo. Sasa tunaandika kwa shilingi, na hatari ya kubadilisha fedha tunaibeba sisi tulio na akiba.

Suala la gharama za uendeshaji ndilo linaloniuma zaidi kuliko yote niliyoyataja. Kila asasi inahitaji kulipa pango, umeme, intaneti, mhasibu, na michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii kwa wafanyakazi wake, lakini wafadhili wengi hupenda fedha yao ionekane imeingia moja kwa moja kwenye kisima au dawati. Serikali ya Marekani, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa mfadhili mkubwa kuliko wote, iliruhusu gharama hizo zifikie asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja za mradi kwa mashirika yasiyokuwa na kiwango yalichokubaliana nayo, kiwango ambacho ni Oktoba 2024 tu ndipo kiliposogezwa hadi asilimia 15. Sisi tulikuwa tunatoa asilimia saba. Ninapokagua hesabu za asasi na kuona mhasibu anayelipwa na miradi mitatu kwa vipande vipande, asilimia ishirini huku na thelathini kule, najua kwamba miradi hiyo ikiisha kwa wakati mmoja, mtu anayejua kutunza vitabu vyao ataondoka, na mwaka ujao mimi nitaandika kwenye uhakiki kwamba asasi hiyo ina udhaifu katika usimamizi wa fedha.

Hilo lilitokea mbele ya macho yetu mwanzoni mwa 2025. Tarehe 20 Januari, Rais wa Marekani alisaini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ichunguzwe, na katika siku zilizofuata asasi zilizokuwa zikipokea fedha hizo zilipata barua za kuzitaka zisimamishe kazi mara moja. Machi ilitangazwa kwamba takribani asilimia 83 ya programu za USAID, shirika la misaada la Marekani, zimefutwa, na kuanzia tarehe 1 Julai shirika hilo halikuendelea tena kutekeleza misaada. Taasisi yetu haikuwa ikipokea fedha zao, lakini asasi kadhaa tunazozifadhili zilikuwa nazo, na ofisi ni moja, mhasibu ni mmoja, gari ni moja. Kwenye mafaili yangu niliona jambo hilo likiingia pole pole: taarifa ya robo mwaka iliyosainiwa na mkurugenzi peke yake kwa kuwa ofisa miradi ameondoka, kisha barua ya kuhama ofisi, kisha ombi la kutumia fedha ya kompyuta kulipa pango. Tuliyakubali maombi hayo yote ndani ya siku mbili, na kiongozi wetu alitia saini bila kutuuliza maswali ya kawaida. Bado sijaona ushahidi kwamba tulikosea.

Nisingependa msomaji adhani kwamba kazi hii ni ya hesabu peke yake, maana sehemu yake inayonifurahisha ni ya lugha. Fomu zetu zilikuwa za Kiingereza, kisha tukazitafsiri, na tafsiri ya kwanza ilikuwa na sehemu iliyoitwa "Athari za mradi", tukikusudia mabadiliko makubwa na ya kudumu. Sasa neno athari, katika masikio ya watu wengi, huleta picha ya madhara: athari za ukame, athari za madawa ya kulevya. Kikundi kimoja tulichokuwa tumekisaidia kununua mashine ya kukamua mafuta kiliijaza sehemu hiyo kwa uaminifu mtupu. Waliandika kwamba tangu wanawake waanze kupata fedha, baadhi ya waume wameacha kabisa kutoa za matumizi ya nyumbani, kwamba mashudu yamezusha ugomvi na wafugaji wanaoyataka bure, na kwamba wasichana wawili wamekuwa wakikosa shule siku za kukamua. Katika miaka yangu tisa sijasoma taarifa yenye manufaa kuliko ile. Mwenzangu wa miradi alikwenda, wakazungumza na waume na mwalimu mkuu, na saa za kukamua zikasogezwa. Tulilisahihisha neno tukaandika "Mabadiliko ya muda mrefu", lakini tuliongeza swali jipya chini yake: ni nini kimeharibika au kimekuwa kigumu zaidi kwa sababu ya mradi huu? Majibu ya swali hilo huwa ninayasoma kwanza.

Barua za kukataa nazo ni za kuandikwa na mtu. Kwa muda mrefu tulituma sentensi mbili zilezile kwa kila aliyekosa, na mtu aliyetumia wiki tatu kuandaa andiko alibaki hajui kama alikosea bajeti au alikosea mfadhili. Siku hizi tunaandika sababu, kwa Kiswahili kwa walioandika kwa Kiswahili, na tunataja kilichokuwa kizuri pale kilipokuwepo. Inatuchukua siku sita hivi kwa kila mzunguko wa maombi. Wapo waliotupigia kutushukuru kwa kukataliwa, na mmoja alirudi mwaka uliofuata na bajeti aliyoipanga upya, akapata.

Leo ni wiki ya mwisho ya Oktoba. Kwenye safu ya siku ya hitaji nina ruzuku nne za kanda ya kati ambazo fedha yake lazima iwe imefika kabla ya tarehe 25 Novemba, na moja kati yake ni ya kikundi kilekile cha Singida, ambacho kimeomba tena, safari hii pamoja na ghala dogo la kuhifadhia mbegu. Barua tatu za benki nimezisoma na zinalingana na vyeti. Ya nne ina jina la asasi lililofupishwa kwa herufi za mwanzo, na Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua barua pepe, nitampigia mweka hazina wao.